Kwa nini rameni huliwa haraka hivi, watu hawaongei, halafu tambi zinavutwa kwa kelele? Mlioko Japani njooni

#1 MtuWaKilosa (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nipo Fukuoka kimasomo, mtaa wa karibu na stesheni ya Hakata. Kuna jambo la maduka ya rameni (tambi za Kijapani ndani ya supu) linanisumbua kichwa, naomba tulijadili kwa kina.

Duka la kawaida la huku ni chumba chembamba, kaunta moja ndefu, viti nane au kumi, jiko liko mbele ya pua yako. Mteja anaingia, anatumbukiza hela kwenye mashine ya tiketi pale mlangoni, anabonyeza kitufe, anamkabidhi mpishi kikaratasi, anakaa. Dakika chache bakuli hilo hapo. Anavuta tambi kwa sauti, anakunywa supu, anainua bakuli analiweka kwenye ukingo wa juu wa kaunta, anafuta pale alipokula, anasema "gochisousama" kumshukuru mpishi, huyo katoka. Robo saa haijaisha. Aliokaa nao bega kwa bega hajawatupia hata jicho, na hata marafiki wakija wawili, maongezi yanasimama bakuli likifika.

Sisi tumelelewa kinyume kabisa. Mlo ni maongezi, na mtoto anayekula kwa kelele anakanywa mbele ya wageni.

Mimi nasema chanzo ni tambi zenyewe. Za Hakata ni nyembamba mno, zinachemshwa chini ya dakika moja, na zikishaingia kwenye supu ya moto zinaendelea kuiva. Ukipiga soga dakika tano, unakula uji. Na kwa kuwa huwezi kusubiri ipoe, unavuta na hewa, ndiyo kelele.

Mwenye hoja tofauti aiweke hapa.

#2 Chungu Tamu

Naweka kiti. Uzi huu unataka utulivu.

#3 FundiGia

Mkuu umeitazama bakuli, hujaitazama kodi ya pango.

Mimi huja Yokohama kufuata magari, na rameni ndiyo chakula changu cha mchana nikitoka kwenye mnada. Piga hesabu mwenyewe. Viti kumi. Bakuli moja kwa miaka mingi limekuwa chini ya yeni 1,000, na wenye maduka wanaogopa kuvuka hapo. Wao wenyewe wanaliita jambo hilo "ukuta wa yeni elfu". Wakati huohuo unga, gesi, nyama na mishahara vinapanda. Sasa mteja mmoja akikaa saa nzima anasimulia habari za shemeji yake, mwenye duka atalipa kodi na nini? Anaishi kwa viti kuzunguka. Mteja wa Kijapani analijua hilo, na anawaona waliopanga foleni nje ya kioo wanamsubiri. Anakula, anapisha.

Tambi kulainika ni kweli, ila sababu ni hela.

#4 Bahari Kuu

Assalaam alaykum. Hebu nambieni ndugu zangu, mimi naishi Unguja ila mwanangu anakwenda kusoma Tokyo mwaka huu. Hilo la kelele tumelisikia, tutamwambia avumilie. Langu ni jengine: hizo supu si nguruwe? Atakula nini mtoto?

#5 Mwl Kinyume

Wote mmeanza hadithi katikati.

Rameni ilifika Japani kwa Wachina, hasa kupitia miji ya bandari kama Yokohama. Duka linalotajwa sana kuwa ndilo lililoifanya kuwa chakula cha umma ni Rairaiken, lililofunguliwa Asakusa, Tokyo, mwaka 1910. Mwenyewe alikuwa Mjapani, wapishi aliwachukua kwa Wachina wa Yokohama. Wateja walikuwa watu wa kazi, bei nafuu, shibe ya haraka. Baada ya Vita Kuu ya Pili kuisha 1945 mchele ukawa adimu, unga wa ngano ukaja kwa wingi kutoka Marekani, na vibanda vya kusukuma vikajaa mitaani vikiuza tambi kwa watu wenye njaa. Kabla ya hapo, enzi za Edo, wakazi wa Tokyo ya zamani walishazoea kula soba vibandani wakiwa wamesimama, wanavuta kwa sauti, wanaondoka.

Kwa hiyo haraka na kelele ni desturi ya mfanyakazi iliyorithiwa. Duka la leo limeweka kuta na kiyoyozi, desturi imebaki ileile.

#6 Chungu Tamu

@Mwl Kinyume hapo kwenye 1910 sijakuelewa. Rameni si iligunduliwa na Momofuku Ando mwaka 1958?

#7 Mwl Kinyume

Huyo ni wa rameni ya pakiti, mkuu. Ando, mzaliwa wa Taiwan na mwanzilishi wa kampuni ya Nissin, alitoa tambi za kukaanga za kumwagia maji ya moto tarehe 25 Agosti 1958. Za kikombe zikafuata 1971. Rameni ya bakuli ilikuwa ikiliwa miongo mingi kabla yake, na njaa aliyoiona kwenye foleni za vibanda baada ya vita ndiyo aliyosema ilimpa wazo.

#8 Nyota ya Juja

Nissin wamewahi kushirikiana na chuo chetu cha JKUAT hapa Juja kutengeneza tambi za pakiti. Kwa hivyo Kenya tuko ndani ya hii hadithi, msitusahau.

#9 FundiGia

Wakenya hata kwenye supu ya Wajapani mmeshapata hisa 😂

#10 Mama Tausi

Nimesoma yote. Naona wanaume mmeongelea kodi na vita, hakuna aliyemtazama mpishi mikono yake. Nimefanya kazi jikoni kwenye duka la rameni hapa Nagoya, niwaeleze.

Bakuli hupashwa kwanza kwa maji ya moto. Chini inaingia tare, yaani kiini cha chumvi na ladha: cha soya, cha chumvi tupu au cha miso (soya iliyochachushwa). Kisha mafuta yenye harufu, ya kuku au ya kitunguu saumu. Wakati huo tambi ziko ndani ya kikapu kirefu kwenye maji yanayochemka, zinahesabiwa sekunde. Supu inamiminwa sekunde chache kabla tambi hazijatoka, si mapema. Kikapu kinakung'utwa kwa nguvu mara kadhaa maji yatoke, maana maji yakiingia supu imekufa. Tambi zinalazwa, zinanyooshwa kwa vijiti zilale upande mmoja, halafu nyama, yai, majani ya vitunguu, mwani. Bakuli linafika kwako likiwa na utando wa mafuta juu, na utando ule ndio unaozuia joto lisitoke. Ndiyo maana rameni inaonekana imetulia kumbe chini inaunguza.

Sasa kelele. Ukivuta tambi pamoja na hewa, mvuke unapanda nyuma ya koo hadi puani, na sehemu kubwa ya ladha tunaipata kwa pua. Jaribuni: ileile supu, kijiko kimoja kimya, kingine kwa kuvuta. Utaona tofauti mwenyewe. Mpishi aliyehangaika na mifupa tangu usiku anataka upate ile harufu. Kwangu mimi kuvuta kwa sauti ni sehemu ya kula vizuri, hakuna njaa wala umaskini hapo.

#11 MtuWaKilosa

@Mama Tausi ahsante sana, hii ya kuhesabu sekunde inanipa nguvu.

@FundiGia, kama shida ni viti kuzunguka tu, nieleze kaedama. Huku Hakata ukimaliza tambi na supu imebaki, unaagiza tambi nyingine za kuongezea kwa yeni 100 hadi 200. Mwenye kutaka uondoke angekuuzia za ziada?

#12 FundiGia

Angekuuzia tena kwa furaha. Tambi nyembamba, sekunde chache zimeiva, supu ni ileile uliyoilipia. Ameongeza mauzo bila kuongeza bakuli, na wewe umeongeza dakika tatu tu. Hiyo kaedama yenyewe chimbuko lake ni Nagahama, hapohapo Fukuoka, kwenye soko la samaki. Wachuuzi na wapakuaji hawakuwa na muda, wakatengenezewa tambi nyembamba za kuiva upesi, na kwa kuwa zinalainika haraka wakapewa kidogo kidogo, anayetaka aongezewe. Muda ni pesa tangu sokoni.

#13 Mwl Kinyume

@FundiGia umenisaidia mwenyewe. Wapakuaji wa samaki ni watu wa kazi. Hiyo ni hoja yangu #5.

#14 MtuWaKilosa

Na "zinalainika haraka" ni hoja yangu #1. Kila mtu kajibeba na chake 😂

#15 Binti Sayari

Nami nipo Fukuoka, miaka kadhaa sasa, na naona mnajumlisha mno.

Mleta uzi, ukitoka Hakata usiku ukaenda Nakasu, kando ya mto, kuna vibanda vya yatai vimepangwa. Wanauza rameni ileile ya mifupa ya nguruwe. Pale watu wanabanana, wanakunywa bia, wanaongea na wasiowajua, mwenye kibanda anauliza umetoka nchi gani. Kelele tupu na vicheko. Sasa @Mwl Kinyume, kama ukimya ni urithi wa vibandani, mbona vibanda vyenyewe vina soga kuliko maduka?

Tena Kitakata, mkoa wa Fukushima, watu wanakula rameni asubuhi. Wazee wanakaa na gazeti. Sapporo, kisiwani Hokkaido, nako miso ramen inakuja ya moto mno na tambi zao ni nene, za njano, za mawimbi, hazilainiki upesi kama za Hakata, na bado watu wanakula kimya. Hoja ya tambi nyembamba haivuki bahari kwenda Hokkaido.

#16 Mwl Kinyume

Swali la yatai ni zito. Jibu langu ni kwamba pale watu wameenda kunywa, na rameni ni ya kumalizia usiku. Mchana na usiku wa pombe ni nyakati mbili tofauti kwa Mjapani.

#17 Binti Sayari

Basi sababu si rameni tena, ni saa ya kula na pombe. Umefungua uzi mwingine.

#18 Kaka Mzalendo

Mimi nitasema lisilopendeza. Ni upweke. Mtu anafanya kazi mpaka usiku, anaishi peke yake, na duka la rameni ndipo mahali anapoweza kula peke yake bila kuonekana kituko. Angalieni Ichiran, kampuni ya hukohuko Fukuoka: kila mteja kawekewa vibao kulia na kushoto, mbele pazia, mhudumu humwoni uso, unaona mikono tu inasukuma bakuli. Kampuni yenyewe inasema ni ili mtu aielekeze akili yake yote kwenye ladha. Mimi naona imewajua wateja wake.

#19 Mama Tausi

@Kaka Mzalendo taratibu. Kula peke yako si kulia peke yako. Kina mama wengi niliowahudumia walikuja wenyewe, na walifurahi hakuna anayewauliza mumeo yuko wapi.

#20 Bahari Kuu

Jamani swali langu la nguruwe limezama.

#21 Pwani Tupu

Alaykum salaam @Bahari Kuu. Usihofu, atakula. Mimi nimepita hapo nikiwa mwanafunzi.

Kwanza ajue tonkotsu ni mifupa ya nguruwe, hiyo aiache kabisa. Lakini hata ya soya au ya miso asiiamini kwa jina. Supu mara nyingi inachanganywa, na ile nyama ya juu inayoitwa chashu kwa kawaida ni nguruwe. Hapo Asakusa kuna Naritaya, rameni ya halali, wateja wengi ni Waislamu. Ndani ya stesheni ya Tokyo kuna T's TanTan, hawatumii nyama wala samaki, na supu yao ya ufuta ni tamu sana. Miji mikubwa mingine nako siku hizi yapo, aulize kwenye msikiti wa karibu, hao ndio wanajua ya leo.

#22 Chungu Tamu

Si hata hao Ichiran wana tawi Shinjuku lisilotumia nguruwe? Ampeleke huko.

#23 Pwani Tupu

Lipo, ila "hakuna nguruwe" na "halali" ni vitu viwili. Kuku kachinjwaje? Na kwenye tare kuna mirin au sake, vyote pombe. Wapo wanaoridhika na kukosekana nguruwe, wapo wasioridhika. Kijana aamue na baba yake kabla hajaondoka, asije akagombana na nafsi yake mlangoni pa duka. Ajifunze kusema "butaniku nashi" (bila nyama ya nguruwe) lakini asiishie hapo, aulize na pombe.

#24 Bahari Kuu

Allah akuzidishie. Nimenakili yote.

#25 MtotoWaKitimoto

Sisi wa kitimoto tonkotsu ndiyo nyumbani, poleni majirani 😂 Mifupa inachemshwa kwa moto mkali saa nyingi mpaka uboho na mafuta vinachanganyika na maji, supu inakuwa nyeupe. Tonkotsu ilianzia Kurume, kusini kidogo ya Fukuoka, kwenye kibanda, 1937, ila hiyo supu nyeupe ilikuja baadaye. Harufu ya duka unaipata kona ya pili.

#26 Nyota ya Juja

Swali kwa wenye uzoefu. Kama mtu hasomi Kijapani, hiyo mashine ya tiketi anaishindaje? Vitufe vyote ni maandishi.

#27 Binti Sayari

Kitufe cha juu kushoto kabisa. Maduka mengi huweka hapo bakuli lao kuu. Hela kwanza, kitufe baadaye, na chenji mara nyingi mpaka usukume mpini wa mashine. Maji ni bure. Bahashishi hakuna, ukiacha sarafu mezani watakukimbilia mtaani warudishe.

Na angalia noti. Julai 2024 zilitoka noti mpya za yeni 1,000, 5,000 na 10,000, na mashine nyingi za maduka madogo zilizitema kwa sababu kubadilisha mashine ni gharama. Duka moja nililoingia mashine iliitema noti yangu mara tatu na foleni nyuma imeshajaa. Mzee aliyekuwa nyuma yangu akatoa noti ya zamani tukabadilishana, akainamisha kichwa, kila mmoja akala kivyake. Hakusema neno. @Kaka Mzalendo mtu huyo simwiti mpweke.

#28 Kaka Mzalendo

Nimekuelewa dada. Ila mzee mmoja hafuti mji mzima.

#29 FundiGia

Mnaosema wote ni kimya, nendeni Ramen Jiro pale Mita, jirani na Chuo Kikuu cha Keio. Bakuli ni mlima: tambi nene, kabichi na chipukizi za maharage, kipande cha nguruwe kama kitabu, mafuta. Mpishi anakuuliza "ninniku iremasu ka?" (nitie kitunguu saumu?), na hapo ndipo unataja vitunguu saumu, mboga, mafuta, unataka kiasi gani. Ukibabaika, foleni nzima inasikia. Ukishindwa kumaliza uso unakushuka. Nimeona vijana wanakula wanatoka jasho kama wako kwenye mashindano, na hapo hakuna aliyewaambia waharakishe.

#30 MtotoWaKitimoto

Wewe ulimaliza?

#31 FundiGia

Nimekulia Mbeya, unaniuliza kumaliza?

#32 Dada Nesi

Naingilia kidogo. Msiifanye ibada ya kunywa supu yote. Bakuli moja la rameni pamoja na supu linaweza kuwa na chumvi gramu 5 hadi 6 au zaidi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini ya gramu 5 kwa siku nzima. Wenye presha kuleni tambi, supu iacheni. Najua mtaniambia mpishi atachukia.

#33 Mama Tausi

Hachukii. Wajapani wengi tu huacha supu, tulikuwa tunaimwaga kila siku. Akiona bakuli limekauka anafurahi, likibaki supu ni kawaida.

#34 Chungu Tamu

Turudi kwenye hela. @FundiGia unasema ni biashara ya mtu wa chini. Lakini Desemba 2015 duka la Tsuta, Sugamo, Tokyo, lilipewa nyota ya Michelin, kile kitabu maarufu cha kupima migahawa, duka la rameni la kwanza duniani kupata. Viti tisa tu na mashine ya tiketi mlangoni. Watu walianza kupanga foleni alfajiri. Hapo anayekula haraka anakimbilia wapi, na amesubiri saa kadhaa?

#35 FundiGia

Anawakimbilia waliobaki kwenye foleni. Naye alikuwa mmoja wao asubuhi ile.

#36 MtuWaKilosa

Hili la kupisha linaniingia akilini zaidi ya la kodi. Lakini bado halielezi kelele.

#37 Nyota ya Juja

Mimi niko na Mama Tausi kwa kelele. @Mama Tausi, tunaweza kupika hizo tambi huku nyumbani? Nimejaribu na za spageti, hazina ule mvuto, zinakatika.

#38 Mama Tausi

Spageti haiwezi. Siri ni kansui, maji ya magadi. Kikemia ni kaboneti ya sodiamu na ya potasiamu. Ndiyo inayoupa unga wa ngano ile rangi ya njano, harufu yake na ugumu wa kurudi ukitafuna. Wewe uko Kenya, una Ziwa Magadi, mama yako anatia magadi kwenye maharage au kwenye mboga. Ni jamaa wa karibu.

Ukikosa magadi safi, chukua baking soda, itandaze kwenye trei, iweke ovenini nyuzi 120 kwa saa moja. Inabadilika inakuwa kali, usiishike kwa mkono mtupu. Gramu 1 kwa kila gramu 100 za unga, maji gramu 38 hivi, chumvi kidogo. Kinyunga kitakuwa kikavu, kinavunjikavunjika, usiongeze maji. Kiweke ndani ya mfuko nusu saa, kisha kikande kwa miguu juu ya mfuko kama mikono imeshindwa. Supu tumia miguu na shingo za kuku wa kienyeji, tangawizi, kitunguu.

#39 Pwani Tupu

Na wa Unguja wakipata hizo tambi watatia sukari na iliki 😂

#40 Bahari Kuu

Tambi za sukari ni za futari, mheshimu mzee. Ila hiyo ya kuku mwanangu ataipika Tokyo bila kuuliza mtu.

#41 Nyota ya Juja

@Mama Tausi magadi ya sokoni huku yana mchanga. Niyachuje vipi?

#42 Mama Tausi

Yayeyushe kwenye maji ya moto, acha yatulie usiku kucha, chukua maji ya juu tu, yapitishe kwenye kitambaa safi mara mbili. Anza na kidogo, maana nguvu yake haifanani na ya dukani. Ukizidisha tambi zinakuwa chungu.

#43 Binti Sayari

Jumamosi nakwenda Kurume. Nitamuuliza mpishi kwa nini hawaongei, nitaleta jibu.

#44 FundiGia

Muulize baada ya saa nane mchana, foleni ikiisha.